Uniti za LUKU zinakwisha haraka ingawa nimebadilisha taa zote: nianzie wapi?

Mama wa Barafu (Kimara, Dar es Salaam)

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba msaada wa mawazo kwa jambo linalonisumbua kwa miezi mitatu sasa. Tunaishi watu watano, mimi, mume wangu na watoto watatu, katika nyumba yetu wenyewe ya vyumba vitatu. Kwa muda mrefu matumizi yetu ya umeme yalikuwa kati ya uniti 120 na 125 kwa mwezi, na fedha hizo nilikuwa nimezoea kuzitenga bila hata kuwaza. Mwezi uliopita nilijumlisha manunuzi yote ya LUKU (umeme wa kulipia kabla ya kutumia), ambayo huwa nayaandika nyuma ya kalenda ya ukutani, nikapata uniti 195, yaani karibu shilingi 70,000, wakati hatujaongeza mgeni wala kifaa chochote kipya.

Vitu vinavyotumia umeme hapa ni taa nane, televisheni na king'amuzi chake, feni mbili, pasi, jagi la kuchemshia maji, friza ninayogandishia barafu za ubuyu na ukwaju za kuuza, na pampu ndogo inayovuta maji kutoka kwenye simtanki na kujiwasha yenyewe bomba linapofunguliwa. Kupika tunapikia gesi. Nilipoona hali inazidi, niliondoa taa zote za enaji seva nikaweka za LED, lakini sikuona tofauti ya maana.

Jirani yangu ananishauri ninunue umeme kidogo kidogo, kwa madai kwamba ukinunua wa fedha nyingi kwa mara moja unakatwa zaidi. Kijana mmoja anayepita mitaani ameniletea kifaa cha kuchomeka kwenye soketi, anakiuza shilingi 35,000, na anaapa kwamba kitapunguza matumizi kwa nusu. Mume wangu kwa upande wake amekwisha kutoa hukumu: friza ndiyo mlaji, na biashara ya barafu isimame. Kabla sijakubali kuiacha biashara inayolipa ada za watoto, ningependa kujua ukweli uko wapi. Ningependa pia kufahamu kama ninaweza kurudishwa kwenye ile bei nafuu ya uniti 75, kwa sababu zamani tulikuwa huko.

Fundi wa Morogoro

Mama, pole kwa usumbufu. Nimefanya kazi ya kufunga umeme majumbani kwa miaka mingi, na jambo ninalokuomba kabla ya yote ni kwamba usizime wala usiuze kitu chochote mpaka uwe umepima. Watu wengi huanza na taa kwa sababu taa ndizo zinazoonekana, kumbe kinachokula umeme mara nyingi ni kitu kisichoonekana.

Kipimo unacho tayari na hakikugharimu kitu. Nenda kwenye mita yako yenyewe, siyo kile kidude cha kuingizia namba kilichomo ndani kama wewe ni miongoni mwa waliofungiwa vyote viwili, uangalie kitaa chekundu kinachowaka na kuzimika. Karibu nacho pameandikwa idadi ya mapigo kwa kila uniti moja (uniti ni wati 1000 zikitumika kwa saa moja), na katika mita nyingi utakuta ni 1000 au 1600. Kama ni 1000, kila kitaa kinapopiga mara moja umetumia sehemu moja ya elfu ya uniti. Hesabu sekunde kati ya pigo moja na jingine, kisha gawanya 3600 kwa sekunde hizo, na jibu utakalopata ni wati zinazotumika nyumbani kwako wakati huo. Kikipiga kila baada ya sekunde 36, unatumia wati 100. Kikipiga kila baada ya sekunde 4, unatumia wati 900. Kama mita yako ni ya 1600, badala ya 3600 tumia 2250.

Sasa fanya hivi. Usiku, watu wakiwa wamelala, zima kila kitu na uchomoe kila kitu kwenye soketi, friza ikiwamo kwa muda wa nusu saa tu, maana ikifungwa bila kufunguliwafunguliwa barafu haitayeyuka. Kisha kaa na mita. Kitaa kinapaswa kutulia. Kikiendelea kupiga, kuna kitu kinakula umeme ambacho hukijui, na hapo ndipo pa kuanzia. Usikae dakika mbili ukaondoka, kaa nusu saa nzima, kwa sababu vifaa vingine huamka na kulala. Baada ya hapo zima swichi kubwa. Kama hata swichi kubwa ikiwa imezimwa kitaa bado kinapiga, basi kuna waya uliounganishwa kati ya mita na swichi hiyo, na hilo usiliguse mwenyewe, toa taarifa TANESCO ili waje wakague.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ambayo mwenyewe alikuwa amebadilisha friji mbili kwa hasira, na tulipokaa na mita usiku tukagundua kwamba waya wa taa ya uani ulikuwa umechubuka ndani ya ukuta unaolowa maji ya mvua, na umeme ulikuwa ukivuja ardhini mchana na usiku. Friji zake zote mbili zilikuwa nzima kabisa.

Mwalimu wa Fizikia (Iringa)

Mama wa Barafu, fundi amekueleza vizuri namna ya kupima, kwa hiyo mimi nitajibu yale maswali mengine, nikianzia kwenye bei, maana hapo ndipo uvumi ulipojaa.

Mteja wa kawaida wa nyumbani, yule wa kundi la T1, hulipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya makato. Makato hayo ni kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini na asilimia 1 ya EWURA, yaani mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, jumla asilimia 22. Ukiyajumlisha, uniti moja inakufikia kwa shilingi 356 na senti kidogo, na ndiyo sababu shilingi 10,000 hukupa uniti 28. Bei hiyo ni ileile ukinunua wa shilingi 2,000 au wa shilingi 50,000. Kinachomchanganya jirani yako ni kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na hukatwa mara moja katika ununuzi wa kwanza wa mwezi. Mtu akinunua kiasi kikubwa mwanzoni mwa mwezi na kidogo baadaye, anaona ule wa kwanza umeleta uniti pungufu na kudhani ameadhibiwa kwa kununua vingi.

Kundi la bei nafuu ni D1. Humo uniti 75 za kwanza za mwezi huuzwa kwa shilingi 100 kabla ya makato, yaani 122 pamoja na makato, ndiyo maana wenye kundi hilo hununua uniti zao 75 kwa shilingi 9,150. Lakini zikizidi hapo, kila uniti ya ziada huuzwa kwa shilingi 350 kabla ya makato, ghali kuliko T1, na kundi lenyewe limewekwa kwa ajili ya nyumba ambazo wastani wake hauvuki 75. Wewe hata katika miezi yako mizuri ulikuwa kwenye 120 na zaidi. Kwa nyumba yenye friza ya biashara sikushauri upoteze muda kulifukuzia kundi hilo.

Kuhusu taa, ulifanya jambo jema, ila uliondoa enaji seva na si zile balbu za zamani za waya. Taa nane za wati 60 za zamani, zikiwaka saa tano kila siku, hutumia uniti 2.4 kwa siku, sawa na 72 kwa mwezi, kwa hiyo anayetoka huko kwenda LED za wati 9 huona mabadiliko makubwa sana, kwani hushuka hadi uniti 11 hivi. Enaji seva za wati 15 zilikuwa zikikugharimu uniti 18 tu. Umeokoa uniti saba, na uniti saba haziwezi kuonekana ndani ya ongezeko la 70.

Sasa hicho kifaa cha shilingi 35,000. Nilikwishafungua kimoja mbele ya wanafunzi wangu wa kidato cha nne. Ndani yake mlikuwa na kapasita moja ndogo, vipande vichache vya kuongoza taa, na kitaa cha kijani cha kumfurahisha mnunuzi. Kapasita inaweza kusahihisha tofauti ya mwendo kati ya volti na mkondo katika mitambo mikubwa, na viwanda vinavyotozwa kwa hesabu hiyo huzitumia kwa faida. Lakini mita ya nyumbani inahesabu nishati halisi uliyotumia, ambayo kapasita haipunguzi hata kidogo. Kitaa chenyewe cha kijani kitakula umeme wako, ingawa ni mdogo mno. Mrudishie kijana mali yake kwa upole. Na akija mwingine anayejitolea kukuchezea mita, huyo mfukuze bila upole, maana hilo ni kosa la jinai na ni hatari ya moto.

La mwisho ni friza, kwa sababu mume wako amekwisha kutoa hukumu bila kusikiliza upande wa pili. Lita moja ya maji ya joto la kawaida la Dar es Salaam, tuseme nyuzi 28, ili iwe barafu ya nyuzi 10 chini ya sifuri, lazima iondolewe joto la kilojuli 470 hivi. Ni karibu sawa na joto unalohitaji kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya chai. Ukigandisha lita kumi kwa siku, joto la kuondoa ni sawa na uniti 1.3. Na friza haitengenezi baridi, inahamisha joto kutoka ndani kwenda nje, na ikiwa nzima kila uniti inayotumia huhamisha joto la zaidi ya uniti moja. Kwa hiyo barafu peke yake haiwezi kukumaliza. Kinachoweza kukumaliza ni friza inayopoteza baridi. Chukua noti ya shilingi 1,000, ifungie kwenye mlango ikiwa nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka mahali hapo. Zungusha jaribio hilo pande zote nne. Halafu utuambie, unaitia juisi ikiwa moto?

Mama wa Barafu

Mwalimu, swali lako la mwisho limenifanya nicheke, maana ndivyo ilivyo. Ubuyu nauchemsha saa kumi jioni, na saa kumi na mbili ukiwa bado wa moto naanza kuufunga kwenye mifuko na kuupanga kwenye friza ili kesho asubuhi uwe tayari kabla watoto wa shule hawajapita.

Nimefanya yote mliyoniagiza. Mita yangu ni ya mapigo 1000. Juzi usiku nilizima na kuchomoa kila kitu, nikavuta kigoda, nikakaa na tochi ya simu. Kitaa kilitulia kwa dakika nne, tano, nikaanza kufikiri fundi amenikesha bure. Mara kikaanza kupiga haraka, kila baada ya sekunde nne, kwa muda wa takriban nusu dakika, kisha kikanyamaza tena. Nikasubiri. Baada ya dakika sita hivi kikarudia vilevile, na mara ya tatu vilevile. Mara ya nne nilikwishaelewa nisikilize badala ya kutazama, nikasikia mngurumo mdogo nyuma ya jiko. Ilikuwa pampu ya maji, ambayo haichomekwi kwenye soketi bali imeungwa moja kwa moja, na kwa sababu hiyo nilikuwa nimeisahau. Lakini hakuna bomba lililokuwa wazi, nilizunguka nyumba nzima nikihakikisha.

Usiku wa pili niliizima pampu kwenye breka yake, nikazima na feni na mengine yote, nikaiacha friza peke yake kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto walinung'unika kwa joto mpaka wakachoka. Katika saa hizo nane uniti zilipungua 0.8. Na ile noti ya elfu moja ilitoka kama inateleza kwenye sahani, upande mzima wa kulia wa mlango.

Je, kaka fundi, pampu inaweza kujiwasha bila sababu?

Fundi wa Morogoro

Haijiwashi bila sababu, Mama. Pampu za aina hiyo huamka msukumo wa maji unaposhuka ndani ya bomba, na haijali kama msukumo umeshuka kwa sababu umefungua bomba kubwa au kwa sababu kuna tone linalotoka mahali. Hapo kwako kuna maji yanayovuja. Mahali pa kwanza pa kutazama ni tangi la choo cha kuvuta: mpira wa chini ukichakaa, maji hushuka taratibu ndani ya bakuli bila sauti, na mtu anaweza kukaa mwaka mzima bila kujua. Tia rangi ya chakula, au hata chai ya rangi iliyokolea, ndani ya tangi la juu, usivute kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Rangi ikishuka umempata mwizi. Isiposhuka, kagua valvu inayozuia maji kurudi kwenye simtanki, maana nayo ikilegea huleta dalili hizohizo.

Na hesabu yake ni hii. Kitaa kinachopiga kila sekunde nne ni wati 900. Nusu dakika katika kila dakika sita ni saa mbili kwa siku. Hizo ni uniti 1.8 kila siku, uniti 54 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 19,000, na bado sijahesabu maji yenyewe wala maisha ya mota, kwani kinachoua mota ya pampu ni kuwashwawashwa kuliko kufanya kazi kwa muda mrefu.

Friza yako uniti 2.4 kwa siku ni nyingi. Badilisha mpira, isogeze mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono mzima nyuma yake, na kama iko karibu na jiko la gesi ihamishe. Barafu iliyojijenga kwenye kuta za ndani iyeyushe kwa kuizima. Tafadhali usiikwangue kwa kisu, nimekwishaona friza nyingi zikitobolewa hivyo na gesi yote kuisha.

Mpwani (Mombasa)

Assalaam alaykum. Nami nichangie kutoka upande wa pili wa mpaka, kwa kuwa joto letu na la Dar es Salaam ni mtu na ndugu yake. Kwetu Kenya tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamegawanywa katika makundi matatu, wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wa 31 hadi 100, na wanaozidi 100, na kundi likipanda bei ya kila uniti nayo hupanda. Kwa hiyo mtu aliye kwenye 105 ana sababu kubwa ya kuhangaika na zile tano za juu, tofauti na nyinyi wa T1 ambao uniti ya kwanza na ya mia mbili zina bei moja.

Sisi hapa nyumbani tulikuwa tukishindwa na kiyoyozi. Kila mmoja akiingia chumbani anakiteremsha hadi 18, kana kwamba chumba kitapoa haraka zaidi, ilhali kiyoyozi cha kawaida hupoza kwa nguvu ileile, tofauti ni kwamba kikiwekwa 18 hakipati nafasi ya kupumzika usiku kucha. Tukakiweka 26 na kuwasha feni pamoja nacho. Feni ya wati 60 haipunguzi joto la chumba, inapunguza joto la mwili kwa kukausha jasho, na kwa sababu hiyo kuiacha ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni hasara tupu. Tulisafisha na vichujio, ambavyo vilikuwa vimeziba kwa vumbi mfano wa blanketi.

Lakini kilichotusaidia zaidi hakina waya. Chumba chetu cha juu kiko chini ya mabati, na bati lililoota jua tangu asubuhi huendelea kutoa joto hadi saa tatu usiku. Tulipoweka dari ya mbao na kuacha matundu ya hewa pande mbili juu yake, usiku tukaanza kuzima kiyoyozi saa tano badala ya alfajiri. Wazee wetu wa Mji wa Kale walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye ua katikati wa kupitishia upepo, na ukiingia nyumba hizo saa nane mchana unajua mara moja kwamba walikuwa wanaelewa mambo. Mama, kama watoto walinung'unika usiku mmoja tu bila feni, tazama kama madirisha ya chumba chao yanaruhusu upepo kuingia upande mmoja na kutoka wa pili. Mara nyingi kabati limesimamishwa mbele ya dirisha.

Mkazi wa Sakina (Arusha)

Nataka kuongeza dokezo kwa wale wa mikoa ya baridi watakaosoma hapa, kwa maana mwenzetu wa Kimara haogi maji ya moto. Kwetu mlaji ni ile shawa ya umeme inayochemsha maji hapohapo. Nyingi ni za wati 5,500. Watu wanne wakioga dakika kumi kila mmoja ni uniti 3.7 kwa siku, 110 kwa mwezi, kupita matumizi yote ya baadhi ya nyumba. Tulikubaliana kila mtu dakika nne, na mwenye kutaka kuimba aimbie sebuleni.

Kwa upande wa kupikia, msiuogope umeme kwa jumla jumla. Jiko la sahani la wati 1,500 kwa maharage ya saa mbili na zaidi ni uniti tatu zinazopotea, hilo ni kweli. Sufuria ya presha ya umeme ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa imezungushiwa kizuizi cha joto na hujizima yenyewe msukumo ukifika. Nilipima kwa mita yangu kwa namna hii aliyoeleza fundi, na kilo moja ya maharage yaliyolowekwa ilitumia chini kidogo ya nusu uniti, yaani kama shilingi 170. Mkaa wa kupikia maharage hayo siupati kwa bei hiyo. Serikali nayo katika mkakati wake wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 imelenga asilimia 80 ya Watanzania waihame kuni na mkaa, na kwa maoni yangu sufuria hizi zingepaswa kutajwa mara nyingi zaidi pale panapotajwa mitungi ya gesi peke yake.

Mama wa Barafu

Ndugu zangu, nilisubiri mwezi mzima upite ili nisilete habari za nusu. Shikamoo Mwalimu, na nyote nawashukuru.

Ilikuwa choo. Nilimimina chai ya rangi jioni, na baada ya nusu saa bakuli lilikuwa na michirizi ya kahawia. Fundi bomba alibadilisha mpira wa tangi kwa shilingi 8,000, mpira wenyewe na kazi, na usiku ule nilikaa tena na kigoda changu. Kitaa kilinyamaza nusu saa nzima, mpaka mume wangu akaja kuniuliza kama nimehamia nje.

Mpira wa friza uligharimu zaidi, 25,000, na fundi alilazimika kuupasha kwa maji ya moto ili ukae sawa kwenye kona. Nimeivuta friza kutoka ukutani, na ubuyu sasa nauchemsha saa sita mchana, sufuria naiweka ndani ya beseni la maji, naubadilishia maji mara mbili, na jioni naufunga ukiwa wa baridi ya kawaida. Nilipima tena usiku, friza peke yake kwa saa nane, ikatumia 0.6 badala ya 0.8. Pasi tumekubaliana sare zote za wiki zinyooshwe Jumapili, ingawa mwanangu mkubwa bado huiba pasi asubuhi.

Mwezi huu tumetumia uniti 123.

Nimefanya na hesabu ya biashara, ambayo sikuwahi kuifanya tangu nianze. Friza inatumia uniti 1.8 kwa siku, yaani shilingi 641, na ninagandisha barafu 50 za shilingi 100. Umeme wa kila barafu ni chini ya shilingi 13. Karatasi yenye hesabu hiyo nimeibandika mlangoni mwa friza, upande anaopita mume wangu akienda kunywa maji. Kilichonishtua ni sukari, ambayo sikuwa nikiihesabu hata kidogo. Hiyo ndiyo nitakayoipima wiki ijayo.

Yule kijana wa kifaa cha soketi alirudi Jumatano. Nilimwonyesha mita na kumwomba akichomeke ili tuhesabu mapigo pamoja, kabla na baada. Tulihesabu mara tatu, sekunde zikawa zilezile, naye akaniuliza kama hesabu hiyo ya 3600 naweza kumwandikia kwenye karatasi.